Mkunjo Uliokosekana

“Hebu rudia hapo.”

“Wapi?”

“Hapo mlinzi anapovuka mto.”

Msasa akatabasamu. Alipenda anaposikilizwa namna ile. Gereji nzima ilimwita jina hilo kwa sababu hakuna aliyesugua bodi ya gari kwa msasa kama yeye kabla ya kuipiga rangi. Leo alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kiwanda cha kuchapa vitabu, saa ya chakula cha mchana, pamoja na mchumba wake. Binti huyo alifanya kazi humo ndani, upande wa kujalidi. Vidole vyake vilikuwa na gundi iliyokauka, naye alikuwa akiibandua taratibu huku akisikiliza.

“Basi,” Msasa akaendelea, “mto umefurika, daraja limekwenda na maji. Mke wake yuko ng’ambo, na hawajasemeshana tangu wagombane. Jamaa akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini. Akavuka! Nakwambia, mpenzi, pale nilisisimka mpaka nywele.”

“Ulisisimka.”

“Sana!”

“Ulipasoma lini?”

“Jana jioni. Nilishindwa hata kukiweka chini.”

Binti akakichukua kitabu alichokuwa amempa zawadi kutoka mkononi mwa Msasa, akakifungua katikati, akamwekea magotini.

“Nisomee mstari wa mwisho wa ukurasa huu.”

Msasa akasoma kwa taabu, midomo ikitangulia sauti. “‘Mlinzi akasimama ukingoni, akayatazama maji.’”

“Na wa kwanza wa ukurasa unaofuata.”

“‘Asubuhi mkewe alimtilia chai, wala hakumwuliza…’” Akarudi nyuma, akaenda mbele tena. “Mbona…”

“Mbona hakuna kamba? Mbona hakuna mafuriko? Kwa sababu havimo. Hicho ni kitabu chenye kasoro. Kitabu kinashonwa kwa mikunjo ya karatasi, na hapo mkunjo mmoja ulisahauliwa. Vitabu vizima vinakwenda madukani. Vyenye kasoro tunagawana sisi tunaovijalidi. Sasa niambie, bwana wee, huo mto uliuvukia wapi?”

Msasa akakifunga kitabu taratibu.

“Nani alikusimulia?”

“Dada yangu,” akasema kwa sauti ya chini. “Alikisoma cha maktaba. Ananirekodia sauti, nasikiliza nikiwa kazini.”

“Kitabu chote?”

“Chote.”

Binti akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

“Unajua nilikuwa natembea na nini kwenye mkoba huu? Zile kurasa zilizokosekana. Niliziokota mezani kwa mikono yangu. Kila siku najisemea, leo atanipigia, ataniuliza, mpenzi mbona hapa pameruka? Nami nimpelekee mbio. Nilikuwa naisubiri simu hiyo kama mtoto anavyosubiri sikukuu.”

“Nisamehe. Mimi na vitabu tangu shuleni hatupatani. Nikisimama kusoma, darasa zima lilikuwa linacheka. Niliogopa ukijua utaniacha.”

“Sikutafuta msomi! Mchana kutwa nashona hadithi, jioni sina wa kuzungumza naye. Nilitaka mtu wa kuniuliza, basi. Hata angeniuliza neno moja.”

Kengele ya kiwanda ikalia. Akainuka, akakung’uta sketi yake, akaingia ndani bila kugeuka.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Msasa:

“Usinipigie. Sina hasira na mtu asiyesoma. Nina hasira na mtu aliyenitazama machoni akasisimka uongo.”

Msasa akampigia dada yake.

“Dada, umeniponza.”

“Mimi tena? Si wewe uliyenililia, ‘dada nifupishie, dada nifupishie’? Mimi nilikufupishia kitabu. Mapenzi umeyafupisha mwenyewe.”

“Usinicheke, dada. Nimempoteza.”

Dada yake, muuza dawa kwenye famasi, alikuwa mtu wa mzaha, lakini aliposikia sauti ya mdogo wake imepasuka, mzaha ukamtoka.

“Haya, nisikilize. Kitabu unacho?”

“Ninacho.”

“Kisome.”

“Siwezi. Mistari inanikimbia. Nikimaliza mmoja nimeshausahau wa juu yake.”

“Gari moja unalipiga rangi mara ngapi?”

“Inategemea. Unapiga mkono wa kwanza, unaacha ukauke, unapiga wa pili…”

“Na ukiwa unakauka unafanya nini?”

“Nakaa tu.”

“Basi kaa na kitabu. Mkono mmoja wa rangi, ukurasa mmoja. Na kabla hujaufungua, omba. Mungu hachagui cha kusaidia.”

Msasa alitaka kubisha. Badala yake akaenda kukitafuta kitabu.

Kesho yake alipuliza mkono wa kwanza kwenye mlango wa pikapu, akatoka nje ya chumba cha rangi, akakaa juu ya tairi kuukuu. Akakifungua kitabu mwanzo kabisa. Akafumba macho.

“Ee Mungu wangu, sikuombi kitabu kizima. Nipe ukurasa huu tu.”

Ukurasa ule ulimtoa jasho. Maneno yalikaa kama kokoto, akawa anayakanyaga moja moja. Alipofika chini, rangi ilikuwa imekauka, na yeye alikuwa amechoka kama aliyesukuma gari. Akafunga kitabu. Akapiga mkono wa pili. Akarudi kwenye tairi.

“Msasa!” fundi wa bodi akamwita, jamaa mwenye nyundo mkononi na maneno mdomoni. “Hilo gari unalipiga rangi au unalisomea dua?”

“Vyote viwili.”

“Unasoma nini, mwenzangu?”

“Kuna mlinzi wa daraja.”

“Analinda nini?”

“Bado sijajua. Niache nijue.”

Siku nyingine alisinzia. Siku nyingine alisoma ukurasa mzima akaona hakubaki na chochote, akarudia kwa hasira. Lakini sharti lake alilishika: hakugusa bomba la rangi kabla ya ukurasa kwisha. Na kila mara aliomba dua ile ile fupi, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango ambao haujawahi kumfungukia.

Halafu mlango ukafunguka.

Hata hakujua ulifunguka saa ngapi. Alijikuta tu anamsikia mke wa mlinzi akizungumza. Alimsikia kabisa, kwa sauti nzito kidogo ya mwanamke aliyelia akamaliza. Msasa akainua kichwa, akatazama huku na huku. Gereji ilikuwa na kelele za nyundo na mashine, mwanamke hakuwepo. Akatazama karatasi. Wino mweusi, umelala kimya. Nywele za mikono zikamsimama, na safari hii hakuwa na wa kumdanganya.

“Mungu wangu,” akanong’ona. “Kumbe wanaishi humu.”

Akamwendea fundi wa bodi, kitabu mkononi, macho yamemtoka.

“Kaka, kuna mtu ameandika yaliyomo kichwani mwangu. Hajawahi kuniona! Hanijui! Lakini ile hofu niliyokuwa nayo siku nilipomdanganya yule binti, imo humu, neno kwa neno.”

Fundi wa bodi akaweka nyundo chini, akamtazama kwa huruma.

“Hiyo ni harufu ya tina ya kuchanganyia rangi, kaka. Uwe unavaa barakoa.”

Msasa akacheka mpaka akajishika mbavu, lakini usoni alibaki na ile hali ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada akiwa amezoea kupita nje tu. Rangi ya gari la siku hiyo ilikuwa imekauka zamani. Hakuwa ameona.

Hivyo ndivyo alivyoendelea, mpaka siku alipofika ukingoni mwa mto.

‘Mlinzi akasimama ukingoni, akayatazama maji.’ Akafungua ukurasa. Chai. Asubuhi. Akarudi. Ukingoni. Maji. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kitabu, palipokuwa na uzi na pengo. Aliijua habari ya kamba, aliijua ya mafuriko. Na bado alihisi kama mtu aliyefungiwa mlango mgonjwa wake akiwa ndani.

Akampigia dada yake.

“Dada, kile kitabu bado unacho?”

“Nilikirudisha, na maktaba wanasema kimeazimwa. Kwani umefika wapi? Mtoni? Ngoja nikusimulie tena, jamaa alichukua kamba…”

“Ole wako! Usithubutu!”

Akakata simu. Dada yake akabaki ameishika yake, akitabasamu peke yake katikati ya makopo ya dawa.

Mchana ule ule Msasa alisimama nje ya kiwanda cha vitabu, ovaroli ina madoa ya rangi, kitabu kifuani. Wafanyakazi wakaanza kutoka. Wasichana wawili walimwona wakagusana viwiko, mmoja akamgeukia mwenzao aliyekuwa nyuma.

“Shoga, yule mvuka mto wako huyo hapo.”

Binti akaja, mikono ameikunja kifuani.

“Kama umekuja kuomba msamaha, nilisema usinipigie.”

“Sijapiga, nimekuja kwa miguu. Na msamaha nitauomba, tena kwa magoti. Lakini kwanza nipe zile kurasa.”

“Kurasa gani?”

“Za mto! Yule mtu amesimama ukingoni, nami nimesimama naye, sipati usingizi.”

Binti akamtazama.

“Nilizitupa. Siku ile ile. Zimeshasagwa na karatasi taka.”

Msasa akaketi benchini kama aliyeletewa habari ya msiba. Akashika kichwa. Hakuwa anaigiza, maana mwigizaji angechungulia kuona kama anatazamwa. Yeye alitazama chini tu.

Binti akaingiwa na huruma bila kupenda.

“Haya, nikusimulie?”

“Hapana! Tafadhali. Nilishasimuliwa mara moja, ona nilipofika.” Akainua uso. “Na yule mke naye! Ana nini? Kila jioni anatenga sahani mbili mezani, ya mume inakaa mpaka asubuhi, anaiosha ikiwa safi vile vile. Hasemi! Si aseme tu kwamba anamngoja? Nilimkasirikia mpaka nikataka kumpigia kelele pale gereji.”

Binti akakaa. Alikaa polepole, kwenye ncha ya benchi.

“Umeziona zile sahani?”

“Ningeachaje kuziona?”

“Hakuna anayezitaja. Wote waliokisoma hapa kiwandani wanataja mafuriko.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Umekisoma.”

“Nakisoma. Nasoma kama konokono, lakini nasoma. Nilianza kwa ajili yako, na nisamehe kusema hivi, kuna siku nilikusahau kabisa. Nilikuwa kwao.”

Mwanamke mwingine angekasirika kuambiwa hivyo. Huyu alifuta macho kwa mkono wenye gundi.

“Changu kizima kiko nyumbani,” akasema. “Na hakitoki nje ya mlango wetu.”

“Nitakuja kukisomea hapo hapo.”

“Mama yupo.”

“Nitamwamkia.”

Jumapili, baada ya ibada, alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akamwamkia mama kwa adabu, akaonyeshwa kiti karibu na dirisha, akapewa kitabu, akapewa chai. Na pale pale akapotea.

Mama akapita akielekea jikoni. Akapita akirudi. Mara ya tatu akasimama.

“Wewe mwanangu, huyu ndiye yule?”

“Ndiye, mama.”

“Mbona haongei?”

“Anasoma.”

“Enzi zetu kijana akija nyumbani alikuwa anamwibia binti jicho. Huyu anaiba karatasi. Amekuja kukuona wewe au kitabu?”

“Mama, mwache kidogo. Yuko mtoni.”

“Mto gani tena?” Mama akatikisa kichwa, akaenda zake, lakini mlango wa jikoni aliufunga taratibu, usije ukapiga.

Chai ilipoa. Mwanga wa dirishani ulihama kutoka zuliani ukapanda ukutani. Binti alimtazama Msasa, midomo yake ikitembea bila sauti, kidole kikifuata mstari, na akaona kitu ambacho miaka yote ya kushona vitabu hakuwahi kukiona. Alijua karatasi inavyokunjwa, uzi unavyopita, jalada linavyobanwa. Hakuwahi kuona kitabu kinavyoingia ndani ya mtu. Akajikuta anaomba kimoyomoyo, bila kujua anaomba nini, ila ilikuwa shukrani.

Msasa akainua uso. Macho yalikuwa yamelowa.

“Dada aliniambia alivuka,” akasema. “Hakuniambia kwamba aliogopa.”

“Aliogopa sana.”

“Katikati ya maji alitaka kurudi. Alishageuka! Na baadaye hamwambii mkewe. Hamwambii mtu yeyote.” Akapiga kitabu kwa kiganja, polepole. “Hakuna aliyemwona, ila mimi na wewe.”

Binti akaisogeza kando chai iliyopoa.

“Nisamehe,” Msasa akasema. “Nilidhani nimekudanganya habari ya kurasa. Kumbe nilikuacha humu ndani peke yako, nikakaa nje nikipiga kelele kwamba niko nawe.”

Binti akainuka, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha Msasa.

“Sogeza kitabu huku.”

“Kuna zaidi?”

“Kitabu hakiishii mtoni.”

Wakainama pamoja. Bega la binti likaegemea lile shati gumu. Macho yake yalizoea kukimbia, akafika chini ya ukurasa upesi, akashika pembe ya karatasi tayari kuifungua.

“Umemaliza?”

“Bado. Mimi nakwenda polepole.”

“Najua.”

“Utachoka na mimi.”

Binti hakuiachia ile pembe, wala hakuifungua.

“Soma,” akamwambia. “Nakusubiri.”