Mboga za Tuta la Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Luyen alimwagilia matuta ya mboga kando ya Mto Mwekundu, kisha akaketi kizingitini kujaza daftari la shamba. Baba yake, Khoat, alikuwa na mwandiko ambao hata mwenyewe hakuweza kuusoma, hivyo kazi ilimwangukia binti wa miaka kumi na miwili: tarehe ya kupanda, ya kutia mbolea, ya kupiga dawa.

Serikali ilikuwa ikiandaa utaratibu wa kutoa vyeti vya mboga salama kwa Vietnam nzima, na kijiji chao kilichaguliwa kujaribu kanuni kabla hazijachapishwa. Kaya ishirini na tatu zilijiunga. Zote zingepata cheti pamoja, au zote zingekosa. Luyen hakuishiwa na mshangao: maneno aliyoyaandika yeye, kwa kalamu ya shule, yangesomwa na wakubwa huko Hanoi.

Siku moja kabla ya ukaguzi, baba alimwambia aandike kwamba dawa ilipigwa tarehe tatu. Kanuni zilitaka siku kumi zipite tangu kupiga dawa hadi kuvuna, na mavuno yalikuwa karibu.

"Si ilikuwa tarehe kumi, baba? Juzi tu."

"Andika tatu. Kwani viwavi wanajua kalenda?"

Luyen aliandika tatu, akalifunga daftari.

Mkaguzi, Bi Hoai, alifika amevaa buti za mpira hadi magotini. Luyen alimfuata huku akimkodolea macho. Mama huyu alipima udongo, akateka maji ya kisima kwenye chupa ndogo, akanusa bomba la dawa, akauliza hata chupa tupu hutupwa wapi. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa na kuusifu mwandiko. Luyen alitamani ardhi immeze.

Ilipofika saa sita mchana, Khoat alimkaribisha mgeni chakula, kama ilivyo ada, akamtuma Luyen kuchuma mboga za supu.

Luyen alichukua kikapu, na miguu ikampeleka ilikozoea. Aliyapita matuta manane makubwa yenye majani yaliyonawiri, akazunguka nyuma ya jiko hadi kwenye tuta dogo lisilopigwa dawa. Kila nyumba kijijini ilikuwa na tuta kama hilo. Aliporudi, Bi Hoai aliinua jani moja juani, jicho lake likaonekana kupitia tundu.

"Mwanangu, umeziacha mboga nzuri ukachuma hizi zilizoliwa na viwavi. Kwa nini?"

"Zile ni za kuuza, mama. Hizi ndizo tunazokula."

Baba alikohoa. Hakuna aliyehitaji kumweleza Luyen maana ya alichosema. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Aliziwazia kaya ishirini na tatu. Kisha akawawazia watoto wa Hanoi ambao wangekula mboga asizokula yeye. Machozi yakamlengalenga.

"Na tarehe ya dawa si ya kweli," alisema. "Ilikuwa tarehe kumi. Nimeandika mimi."

Alingoja kukaripiwa. Khoat alivua kofia yake ya ukindu polepole.

"Kalamu ni yake, dada, lakini uongo ni wangu."

Luyen alipigwa na bumbuwazi. Hakuwa amewahi kumwona baba yake akikiri kosa mbele ya mgeni, na siku hiyo alimwona mkubwa kuliko siku zote.

Alasiri ile Bi Hoai aliomba mboga za supu katika nyumba nyingine sita. Vikapu vyote sita vilielekea nyuma ya jiko. Cheti kikasubiri msimu mwingine, na kwa wiki kadhaa majirani walimpita Khoat bila salamu. Hata hivyo, taratibu wakaanza kuzihesabu siku za dawa kwa haki, kwa maana kila mmoja alijua kikapu chake kilielekea wapi.

Msimu uliofuata kaya zote ishirini na tatu zilifaulu. Bi Hoai aliwaletea cheti pamoja na kitabu cha kanuni kilichotoka kuchapishwa, akamfunulia Luyen kanuni ya kumi na saba: *Mkaguzi ataomba kula mboga za matuta ya kuuza, pamoja na familia ya mkulima.*

Luyen aliisoma mara mbili, vinyweleo vikamsimama. Kutoka milima ya kaskazini hadi mashamba ya kusini kabisa, wakaguzi wangeketi kula na wakulima kwa sababu ya kikapu alichokibeba yeye.

Mchana huo Khoat alikwenda kuchuma mwenyewe, kutoka matuta makubwa. Supu ilipoiva alimjazia mgeni bakuli, kisha binti yake.

"Anayenunua mboga zangu hanioni ninapopiga dawa," alisema. "Ana imani yake tu. Luyen, usimuuzie mtu kitu ambacho ungeogopa kumlisha mwanao."

Kisha akasubiri Luyen aanze kula.