Wayalesi ya Besi na Jina la Nathanieli

Vidole vyangu vilikuwa vimeng'ang'ania nyuzi za gitaa na sikuweza kuviachia!

Nataka kupiga kelele... sauti haitoki. Meno yamebanana. Magoti yanaruka yenyewe.

Na watu mbele yangu wanapiga vigelegele!

"Cheza, Elieza! Chezaaa!"

Jamani, walidhani ni mtindo mpya. Mama mmoja akawa anakuja na noti mkononi anitunze, anibandike usoni. Namwona anakuja... nataka kumwambia mama usiniguse, utakufa na wewe... ulimi umekuwa mzito.

Hatua tatu. Mbili...

Jenereta likakohoa, likazima. Petroli imekwisha!

Nikaanguka chali. Yule mama akaniinamia palepale chini, akanibandika noti yake kwenye paji la uso.

"Waitu, ndugu yetu, kazi unaijua!"

Hiyo ilikuwa Muleba, mwaka 1992, saa tisa alasiri, harusini. Na wewe unayecheka hapo, omba usije ukanaswa na umeme.

Leo sijaja kuwachekesha. Nimekuja kurudisha jina la mtu. Anaitwa Nathanieli, kiongozi wa bendi yetu pale Bukoba, mpiga solo; mimi nilikuwa mpiga besi. Watu wote waliomjua wanaamini alikufa kwa ule ugonjwa.

Si kweli! Mimi najua kilichomuua, na nimenyamaza zaidi ya miaka thelathini. Hapa ninaandika, nafuta, narudia, kwa hiyo mkiona makosa mnivumilie.

Twende taratibu.

Sisi Wahaya tuna heshima zetu. Mgeni akija, chini panatandikwa nyasi mbichi, na viatu unavua. Harusini ni hivyohivyo. Hata mahali pa bendi walikuwa wanatutandikia nyasi zilizokatwa asubuhi ileile, zina maji bado.

Najua mtauliza, kwa nini hukuvaa viatu? Wewe! Umkanyagie mwenye nyumba nyasi zake na viatu vyako? Jina lako lingefika nyumbani kabla yako.

Sasa weka hapo jenereta la Nathanieli. Lilikuwa mabaki ya vita vya Kagera, nyaya zake zimeungwaungwa kwa plasta ya kidonda. Umeme ulikuwa unavuja mpaka kwenye bati la amplifaya ya besi, unapita kwenye waya wa gitaa, unafika kwenye nyuzi, unanikuta mimi miguu mitupu juu ya nyasi za maji.

Kwisha habari!

Baada ya siku ile niliishi kwa woga. Nikishika gitaa, jasho. Nikisikia jenereta linanguruma, narudi nyuma. Chakula hakipiti. Nikakonda.

Na miaka ile ukikonda kidogo tu, watu wanaanza kukuhesabia siku. Bendi yetu ilikuwa imeshazika watatu: wa tarumbeta, wa tumba, na mpiga besi aliyenitangulia. Kila Jumamosi harusi moja, misiba minne. Nikipita sokoni, mazungumzo yanakatika.

Mke wangu Kokugonza, ambaye alikuwa mwimbaji wetu, akaniuliza usoni.

"Elieza, unaumwa?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ule waya. Utaniua."

Akanishika mkono. "Basi twende kwa Nathanieli ukamwambie."

Nathanieli alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka yule, mwili mkubwa, moyo mkubwa.

"Jenereta hili limepigana vita likarudi. Leo lishindwe na nyasi?"

"Kaka, bila wayalesi sipigi tena."

Wayalesi, kwa vijana mnaosoma, ni kisanduku kidogo unakifunga kiunoni, unachomeka gitaa. Sauti inaruka hewani mpaka kwenye kisanduku kingine kilichounganishwa na amplifaya. Hakuna waya kati yako na umeme. Wakati ule Bukoba tulikuwa tunaviona kwenye picha tu.

Nathanieli akaniangalia nilivyokonda. Kicheko kikamwisha.

"Sawa. Tutamwona Sayi."

Sayi alikuwa Msukuma, mnunuzi wa samaki kisiwani Bumbire, mtu wa kwenda Mwanza na kurudi. Ukitaka kitu ambacho hakipo, unamwambia Sayi. Mwezi haukuisha akaja na wayalesi mbili.

"Jaribuni zote. Mchague moja, nyingine narudi nayo."

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki nyeusi, nyepesi. Nikapiga uzi wa chini kabisa... ukatoka mlegevu, hauna kifua. Besi gani hiyo?

Halafu spika ikaongea!

"Boti iko wapi? Nasema boti iko wapi? Jibu!"

Mawe, mama yangu! Nilitaka kukimbia. Kumbe imenasa redio ya watu wa ziwani.

Ya pili kisanduku chake cha kupokelea kilikuwa cha bati tupu, kizito, kina antena mbili. Nikapiga uzi uleule. Kifua kikatikisika! Nikatembea mpaka kwenye migomba, bado inasikika. Mpaka barabarani, bado. Nilipopita nyuma ya kona ya nyumba ndipo ikakatakata.

"Hapo mtu akigeuze tu kisanduku kikuelekee," Sayi akasema.

Nikamwambia inakula betri. Akasema besi nzuri ina gharama zake. Nathanieli akaniachia mimi.

"Mpigaji ni wewe. Chagua."

Nikachagua ya bati.

Fundi wetu wa redio, Anatory, alikuwa amekaa pembeni kimya. Akachukua testa yake ya kupimia umeme, akagusisha kwenye kile kisanduku cha bati.

Ikawaka!

"Elieza, ona. Wewe umetoka, lakini umeme haujatoka. Sasa uko hapa."

Akaniletea nondo ya futi nne na waya mnene.

"Kila mnapopiga, ichimbie hii chini, funga waya kwenye jenereta na kwenye amplifaya, mwagia maji, umeme unaovuja uishie ardhini. Usisahau. Hapa kuna roho za watu watano."

"Nimekusikia, fundi."

Nathanieli akanipiga bega. "Kazi hiyo ni yako, wewe ndiye mwoga wetu."

Tukacheka. Harusi mbili za kwanza niliichimbia. Naapa, niliichimbia.

Ya tatu ilikuwa Kemondo.

Asubuhi ile nikaiona nondo chini ya kitanda, pale ninapoihifadhi. Nilikuwa nimevaa suti mpya. Nikafikiria kuinama, kutoa jasho, kupiga nyundo kwenye ardhi yenye mawe... nikajiambia, kwani mimi nina waya? Mimi nimeshatoka.

Nikaiacha.

Tumefika, nyasi mbichi zimetandikwa, tumevua viatu. Nathanieli ananiuliza huku anakaza nyuzi zake.

"Umeichimbia ile kitu?"

"Ndiyo, kaka."

Neno moja tu, ndugu zangu. Kama kuna neno ningelipewa nilirudishe mdomoni, ni hilo.

Muziki ukakolea. Mimi na wayalesi yangu nikashuka kwa watu! Hawajawahi kuona mpiga gitaa anatembea bila waya. Wazee wanapapasa kiuno changu kutafuta kamba. Watoto wananifuata. Nikazunguka uwanja, nikapita kona ya nyumba...

Besi ikaanza kukatika.

Nikachungulia. Nikamwona Kokugonza wangu, anaimba huku anatabasamu, anakwenda kunisaidia. Ananyoosha mkono kwenye kile kisanduku cha bati akigeuze.

"Kokugonzaaa! Usiguse!"

Nani atasikia? Spika zetu wenyewe zilikuwa zinanguruma kuliko mimi!

Akakishika.

Magoti yake yakaruka. Kichwa kikaenda nyuma. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi peke yangu uwanja mzima ndiye niliyejua anachokipata. Nilikimbia, nikasukuma watu, nikafika ukingoni mwa zile nyasi...

Nikasimama!

Mnanisikia? Nilisimama. Miguu ilikataa. Mke wangu yuko hatua nne, macho yamegeuka, na mimi nimesimama pale nimeshika gitaa, nikiogopa nyasi.

Nathanieli hakusimama. Alitupa gitaa lake, akamrukia Kokugonza, akamkumbatia amvute. Na yeye akanaswa! Wakatetemeka wote wawili, sijui sekunde ngapi. Halafu uzito wa mwili wake ukawaangusha, kisanduku kikachomoka, amplifaya ikanyamaza.

Kokugonza alikuwa na kidonda kiganjani, anapumua. Nathanieli akakaa, akajishika kifua, akacheka kidogo.

"Rubisi ya Kemondo kali," akawaambia watu.

Wakacheka naye. Wageni wakaamini ni kizunguzungu cha pombe. Tukamaliza harusi bila besi.

Njiani aliniangalia mara moja tu. Nafikiri alijua.

Siku ya tatu mkojo wake ukawa na rangi ya kahawa. Siku ya tano akavimba uso. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Yeye alikuwa hawezi tena kuongea kwa kueleweka.

Daktari akaniuliza mimi.

"Figo zake zimegoma. Huyu alipata ajali? Alianguka? Alipigwa? Nieleze, inasaidia."

Nikaona polisi. Nikaona bendi wananiuliza nondo iko wapi. Nikaona ukoo mzima wa Nathanieli uko mlangoni kwangu.

"Sijui, daktari. Alianguka tu."

Siku ya kumi na mbili tukamzika.

Na mnajua Bukoba ya mwaka ule. Kila kifo kilikuwa na jibu moja. "Si mliona alivyoanguka Kemondo? Ugonjwa ulikuwa umeshamwanza." Wakasema mpaka ikawa kweli. Wazee wawili wa ukoo walikuja kwangu wakaniuliza, nikawajibu kama nilivyomjibu daktari. Mjane wake, Jovita, akanyang'anywa kibanja, shamba la migomba la mumewe, akarudishwa kwao Rubafu na watoto. Watu hawakula kwake. Binti yake aliachwa na wachumba wawili, eti damu ya nyumba ile.

Yote nikayasikia. Gitaa nikaliuza, nikaanza kuuza mbao. Nikanyamaza.

Mwezi uliopita nililazwa na presha. Nikaona naweza kuondoka na hili jambo. Nilipotoka nikapanda gari mpaka Rubafu.

Nikamkuta Jovita anachambua maharage nje. Amezeeka, lakini mgongo umenyooka. Nikapiga magoti, nikasema yote. Nondo, lile "ndiyo, kaka", daktari, kila kitu. Nililia.

Yeye hakulia. Alimaliza kuchambua maharage yake.

"Shemeji, hayo nayajua."

"Unayajua?!"

"Mkeo aliniambia siku ya matanga. Alinikuta jikoni na kidonda chake mkononi. Nondo aliikuta chini ya kitanda chenu mliporudi kutoka Kemondo."

Kokugonza! Miaka yote tunalala kitanda kimoja!

"Kwa nini hukusema, shemeji?"

"Nilisema! Nilisema mbele ya ukoo. Wakasema mjane anatafuta pa kujifichia. Mkeo naye akaja akasema. Wakasema wanawake wanateteana. Wakauliza, mwanamume aliyekuwepo anasemaje?"

Akaniangalia.

"Wale wazee wawili, Elieza. Unafikiri walikuja kwako kufanya nini?"

Kumbe lile swali lilikuwa kesi yake. Kibanja chake, watoto wake, jina la mumewe, vyote vilikuwa vimewekwa mdomoni mwangu, na mimi nikasema alianguka tu.

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi usiniambie. Mimi nilikuwa najua. Waambie wao."

Niliporudi nyumbani Kokugonza alikuwa ananisubiri kibarazani. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba anajua.

"Nilikupa muda," akasema. "Sikujua utauchukua wote."

Basi nawaambia. Nathanieli hakufa kwa ukimwi. Na angekufa nao pia isingekuwa aibu, ni kifo kama vingine. Lakini aliuawa na umeme, akimtoa mke wangu mahali ambapo mimi niliogopa kukanyaga, kwa uzembe wangu na uongo wangu.

Kama kuna cha kujifunza, ni hiki: kuogopa si kosa, kila mtu anaogopa. Kosa langu ni kwamba nilipopata pa kujificha, niliona hatari imekwisha, kumbe imekwisha kwangu tu.

Na ninyi wa ukoo wa Nathanieli, najua mpo humu, vijana wenu nawaona wanapita kwenye kurasa hizi. Shahidi mliyekuwa mnamtaka ndiye huyu. Iteni kikao, siku yoyote mtakayo, nitakuja kusema kwa mdomo wangu.

Mrudishieni Jovita kibanja chake. Bado yuko hai.