Jino Lililobaki Mfukoni

Doa la kwanza Rahima aliliona juu ya mlango wa jikoni: udongo mwekundu, bado mbichi, mahali ambapo mtu mrefu angegonga kichwa. Nyumba ile haikuwa na mtu mrefu. Mumewe Asani, dereva wa malori ya mgodi wa Fungurume, Mungu ambariki, alipita mlango ule na kofia yake kichwani bila kugusa kitu.

Rahima akapanda kiti, akalipima kwa utepe wake wa kazini. Akapima mara ya pili. Urefu ule aliujua, kwa maana ni yeye aliyeukadiria wiki iliyopita.

Kazi yake ni hiyo. Shimo likiwafukia wachimbaji na miili ikatoka imesagika, Rahima hukaa katika chumba cha maiti cha hospitali moja ya Kolwezi, akapima meno na mifupa yao na kukadiria urefu, ili Kalumba seremala ajue sanduku alikate vipi. Safari hii alikuwa kijana asiyejulikana jina, hakuna mama aliyekuja kumlilia. Gego lake lenye ufa likiwa bado mkononi, kichefuchefu cha mimba kikamshika Rahima. Akalitia mfukoni, akakimbilia nje kutapika. Aliporudi, sanduku lilikuwa limeshapigiliwa misumari na kuondoka. Akaona aibu kusema.

Na mimba hii aliitaka kwa moyo wote. Mbili zilishapotea.

"Damu yako ni négatif, ya Asani ni positif," daktari Agnès alimweleza. "Kwa mutoto wa kwanza haukupewa sindano. Sasa damu yako ilishajifunza kumupiga kila mutoto mwenye damu ya baba yake. Na Asani tulimupima muzuri: batoto yake bote batakuwa positif. Lakini huyu tutamuchunga, mama. Tutapigana."

Kesho yake kulikuwa na doa jingine ukutani, usawa wa macho yake. Kisha jingine, usawa wa kifua. Nyumba ikaanza kunuka shimo. Adhuhuri moja, Asani akiwa barabarani, Rahima alikuwa anatwanga majani ya sombe akasikia miguu pekupeku ikiburuzwa kutoka mlangoni, ikapita kwenye madumu ya maji, ikapita kwenye mkeka, ikaja, ikaja, mpaka ubaridi wa chini ya ardhi ukamgusa magoti, na mtu ambaye hakumwona akapumua karibu na kitovu chake na kusema kwa sauti ya kijana aliyechoka sana, "Mama, unipimie tena."

Alipopata nguvu za kujitazama, doa lilikuwa kwenye kitenge chake, juu ya tumbo.

"Asani, mi nilifanya mubaya," alimnong'oneza mumewe aliporudi, akamweleza yote.

Shehe Kassim akaitwa. Akasoma, akanyunyiza maji, kisha akauliza kwa upole, "Ile jino iko wapi?" Rahima akalitoa. "Mwanangu, mufu banamuzika na mwili yake yote. Mumurudishie."

Wakalifukia kaburini mchana uleule. Tangu hapo ukuta ukakaa safi, na Asani akaupaka rangi mpya.

Mtoto alizaliwa akilia kwa nguvu, macho yake hayana hata manjano ya damu iliyopigwa. Mkunga Josée akarudi na majibu ya damu akicheka. "Mama Rahima, Mungu ni mukubwa! Ni négatif kama weye. Njo maana damu yako haikumupiga!"

Rahima akacheka naye. Kisha akakumbuka maneno ya daktari juu ya watoto wa Asani, na kicheko kikamkauka. Polepole akaingiza kidole katika kinywa cha mtoto. Nyuma kabisa, kwenye ufizi wa chini, kulikuwa na gego. Akapapasa. Lilikuwa na ufa.

Aliogopa, na alimpenda, yote mawili kwa pamoja.

Josée alikuwa tayari anakunjua utepe. "Leta tumupime urefu, mama."

"Hapana," alisema Rahima upesi, akamziba mtoto kinywa kwa ziwa lake. "Huyu nilishamupima."