Moyo Uliokula Mionzi

Harufu ilitangulia, hata kabla mashine haijawashwa. Anande alifungua mlango wa chumba cha mionzi akasita, mkono puani. Nyama imeoza. Lakini moyo wa ng'ombe alioununua jana yake buchani Kwa Mrombo ulikuwa mbichi, na ulilala kwenye friji ya chumba hicho.

Anande ndiye aliyekuwa akikokotoa dozi za mionzi katika hospitali hiyo binafsi ya Arusha. Mgonjwa wao alikuwa Mzee Lerionka, mfugaji wa Ngaramtoni, ambaye moyo wake ulikuwa ukienda mbio ovyo mpaka anazimia. Dawa zilishashindwa. Walitaka kuichoma kwa mionzi ile sehemu ndogo ya moyo inayovuruga mapigo. Dozi ikipungua, ugonjwa ungebaki. Ikizidi, ingeunguza umio, njia ya chakula, ambao umepita nyuma tu ya moyo. Kwa hiyo Anande alijaribu kwanza kwenye sanamu ya kifua iliyojaa maji, moyo wa ng'ombe ndani yake, na kipimo kimechomekwa kwenye nyama.

Kipimo kilisoma nusu ya dozi iliyokokotolewa na kompyuta. Akarudia hesabu, akapiga mionzi tena. Kikasoma pungufu zaidi. Akautoa ule moyo, akapima maji matupu. Dozi ikatoka sawasawa. Akaurudisha, ikapungua tena.

Daktari Reginald, mkuu wa kitengo, alisema hesabu ina kasoro na dozi iongezwe maradufu, maana mzee alikuwa ameshakaa kwenye benchi nje, anasubiri. Anande alikataa, akamwomba aje aone mwenyewe.

Waliinama pamoja juu ya sanamu. Maji yalikuwa yamegeuka ute wa kijivu, mzito kama makamasi, na ndani yake ule moyo uliokwisha kukatwa mishipa yote ulikuwa umevimba, ukapiga, ukatulia, ukapiga tena harakaharaka, kila pigo likitema usaha wenye nywele, huku mshipa wake mkubwa ukifunguka na kujifumba kama mdomo wa mtoto mchanga anayetafuta ziwa la mama yake.

"Unakula," Anande alinong'ona. "Mionzi yote tunayoupiga, unaila."

Reginald alitapika ndani ya barakoa yake.

Wakamwita Mchungaji Ephraimu, aliyekuwa akiombea wagonjwa wodini. Hakupaza sauti. Alisimama karibu na ule uvundo bila kuziba pua, akaliamuru lililomo litoke. Moyo ukapasuka kama jipu. Kitu cheusi chenye utelezi kikadondoka sakafuni, kikatambaa, kikajipenyeza chini ya mlango. Walipofungua, hakikuwepo. Alikuwepo Mzee Lerionka tu, amesinzia kwenye benchi lake, mdomo wazi.

Mabaki waliyachoma kwenye tanuri la taka. Kesho yake Anande alijaribu kwa moyo mwingine na kipimo kikakubaliana na hesabu, bila tofauti. Mzee akalazwa mezani, akapigwa dozi ileile ya mwanzo.

Tiba hiyo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Lakini mapigo ya Mzee Lerionka yalitulia kabla mashine haijazimwa. Reginald alifurahi, akatoka kwenda kuwaarifu ndugu.

Anande aliingia peke yake kumsaidia mzee kuketi.

"Shikamoo, baba. Unajisikiaje?"

Mzee alijilamba midomo taratibu, akaitazama mashine iliyokuwa juu yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Leo tumeshiba."