Mafuta ya Maganda ya Chungwa

Mjini Nagpur, India, Sudhakar Meshram na mkewe Vandana walikuwa wakichapa kadi za harusi nyumbani kwao. Sudhakar alichapa. Vandana aliosha kwa thina fremu za kuchapia zilizojaa wino, madirisha yakiwa yamefungwa ili vumbi lisiharibu kadi.

Asubuhi moja Vandana alikuwa akipika chapati. Sudhakar akasikia harufu ya kitu kinaungua. Kugeuka, akaona vidole vya mkewe viko juu ya kikaango, naye anaongea tu, hana habari.

"Vandana, mkono wako."

Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mbona sisikii kitu?" akasema polepole.

Daktari aliuliza kazi yao. Akasema mvuke wa thina umedhuru mishipa ya fahamu. Aiache leo leo. Huenda mkono ukapona, lakini taratibu.

Jioni alikuja jirani yao Ujwala, anayefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kemikali.

"Shemeji, thina ni kiyeyusho," alisema. "Inayeyusha wino, sawa. Lakini ukivuta mvuke wake kila siku, unakuharibia mishipa. Hata sisi kiwandani tuliumwa vichwa mpaka tukabadilisha."

"Mkatumia nini? Maombi?"

"Mafuta ya maganda ya machungwa."

Sudhakar akacheka. "Jirani, maganda hapa wanakula mbuzi. Wangekuwa wahandisi hao."

Ujwala hakubishana. Kesho yake alileta chupa ya mafuta hayo, akamimina kidogo kwenye bakuli la kioo. Akachukua kipande kikubwa cha lile povu gumu, jeupe, jepesi, linalofungiwa televisheni.

"Kitumbukize, shemeji."

Kipande kikaanza kuzama. Hakuna moto, hakuna moshi. Kilinywea chini kimyakimya, kama samli kwenye sufuria ya moto, mpaka kikaisha chote. Sudhakar akainama, akachungulia bakuli, akachungulia hata chini ya meza. Kisha akaokota ganda la chungwa kwenye takataka, akalikamua mbele ya dirisha. Matone madogo yakaruka yakimeta juani.

"Maisha yangu yote nayatupa haya," akanong'ona.

Wakaipaka fremu mafuta hayo, wakangoja kidogo, wakafuta. Wino ukatoka.

"Ila si sharubati," Ujwala akaonya. "Yanashika moto, na ngozi yanaiwasha. Vaa glavu. Fungua madirisha. Kaa mbali na jiko. Na yakichafuka usiyamwage mtaroni. Niletee, kiwandani tunayasafisha upya."

Tangu hapo Sudhakar aliosha fremu mwenyewe, madirisha wazi. Kadi alizifunika kwa shuka, vumbi likakosa pa kutua. Vandana alipumzika miezi mingi.

Siku moja alikuwa akipanga kadi, akasita.

"Karatasi imenikata," akasema.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Inauma."

Sudhakar akakaa chini, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.