Aliyekausha Mfereji wa Addlebrook

Hilda Tunnicliffe aliamshwa na birika lililoteleza jikoni likaanguka sakafuni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashua yao nyembamba ilikuwa imeinama upande, na mumewe Norris alikuwa amebanwa ukutani, bado anakoroma. Hilda alifungua mlango. Mfereji wa Addlebrook ulikuwa matope matupu, na bata walikuwa wakitembea kwa miguu.

Karibu na daraja, mashua ya Bibi Ivy Pardoe ilikuwa imelala ubavu kabisa. Dimbwi lililobaki katikati lilikuwa limeingia ndani kupitia matundu ya mabomba. Mwenyewe, mjane wa miaka themanini asiye na nyumba nyingine, alikuwa amekaa ukingoni kajifunga blanketi, anatetemeka.

"Vilango vya kupitishia maji kwenye malango ya mfereji kule chini viko wazi vyote," alitangaza jirani yao, Bwana Quentin Lascombe. "Mfereji umekauka usiku. Uzembe mtupu!"

Lascombe alivaa kofia ya nahodha yenye nyuzi za dhahabu, kwenye mfereji ambao hata maji yakijaa hayapiti kiuno cha mtu mzima. Hilda alikuwa hampendi tangu siku ya kwanza, na hakuona sababu ya kubadili mawazo.

"Nimeshampigia katibu wa gati," Lascombe aliendelea. "Mashua ikizama, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye foleni. Pole, Ivy. Sheria ni sheria."

"Na anayefuata ni nani?" Hilda aliuliza.

"Hilo halihusiki."

"Ni yeye," alisema Ivy. "Amechoka kukaa karibu na mapipa ya taka."

Lascombe aliwanyooshea kidole Callum na Bryony, maharusi waliokodi mashua kwa fungate yao. "Hawa hapa! Walipita kule jana. Hawajui hata mbele na nyuma ya chombo!"

Bryony alianza kulia. "Tulifunga, mama, naapa. Halafu si sisi tuliopita mwisho. Bwana Norris alikuja nyuma yetu."

Watu wote wakamgeukia Norris, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka na pajama zake. Hilda aliuona uso wa mumewe ukipauka. Ni mtu wa kusahau: miwani, funguo, hata siku ya ndoa yao.

"Nilifunga," Norris alisema. "Nadhani nilifunga. Hilda, nilifunga?"

"Unadhani!" Lascombe alicheka. "Mwanamke mzee amepoteza nyumba, huyu anadhani."

Hasira zilimpanda Hilda. Alikuwa kwenye usukani walipopita malangoni, hakuona kilichofanyika nyuma yake. Hangeweza kuapa. Basi akatembea ukingoni polepole, akiangalia mashua moja baada ya nyingine. Yao ilikuwa imening'inia kwa kamba zake zilizokazwa, imeinama. Ya maharusi vilevile. Ya Ivy ndiyo hiyo. Akaifikia ya Lascombe, akasimama hapo kwa muda, kisha akarudi.

"Bwana Lascombe, jana jioni tulipopita ulitupigia kelele."

"Mlikwenda kasi. Mlinitikisa."

"Hatukukusukuma wala kukulegezea kamba?"

"Mimi? Kamba zangu zilikuwa zimekaza kama kawaida. Sifungi ovyo kama nyinyi."

"Basi mbona leo yako tu ndiyo imekaa wima?"

Wakatazama. Mashua ya Lascombe ilikuwa imeshuka taratibu hadi katikati ya mfereji, sawa kama meza. Kamba zake zilikuwa ndefu, zimelegea, zinaburuta matopeni. Vyungu vya maua juu ya paa havikuwa vimesogea.

"Niliamka usiku," Lascombe alisema haraka. "Nikaona maji yanashuka. Nikalegeza. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo."

"Ukaona maji yanashuka," Hilda alisema, "ukaokoa vyungu vyako, ukarudi kulala bila kugonga dirisha la Bibi Ivy?"

"Kulikuwa na giza! Sikujua kama... nilidhani ni kidogo tu."

Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alitapatapa mahali pasipo na maji.

"Hakuamka usiku," alisema mkewe, Rosalind. Alikuwa amesimama mlangoni mwa mashua yao muda wote, na hapakuwa na aliyewahi kumsikia akizungumza mbele ya mumewe. "Alilegeza jana jioni, tukiwa tunakula, mfereji umejaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mvua inakuja. Halafu akatoka kutembea peke yake."

"Rosalind, nyamaza!"

"Miaka yote hii unanifokea kwamba kamba iliyolegea ni uvivu, Quentin. Ulitaka nisione?"

Lascombe akavua kofia. "Lile si boti, ni jaa! Moshi, kuni juu ya paa, chupi kwenye kamba! Mahali pazuri kuliko pote! Nilitaka limzamie tu, si kumuumiza mtu!"

"Mume wangu alifia pale," Ivy alisema. "Na wewe ulikuwa unataka mandhari."

Kabla ya mchana vilango vilifungwa na maji yakateremshwa kutoka sehemu ya juu ya mfereji. Watu wote walishika ndoo, Rosalind mbele yao, mpaka mashua ya Ivy ikainuka na kuelea. Katibu alifika, akasikiliza, akasema gati ni la Ivy, na kwamba polisi watataka kuongea na Bwana Lascombe popote atakapokuwa.

Lascombe akawasha injini aondoke. Rosalind hakupanda. Lascombe alipofika kwenye malango alilazimika kushuka na kuyasukuma peke yake. Kwenye mfereji hakuna mtu anayeachwa afungue malango peke yake. Hata adui husaidiwa, maana ni mazito mno. Norris, ambaye maisha yake yote hajawahi kuona lango bila kulikimbilia, alinyanyuka.

Lascombe aliegemeza mgongo kwenye boriti ya lango, akasukuma, viatu vyake vyeupe vikateleza kwenye tope. Aliangalia nyuma, akawaona wote wanamtazama.

Norris akakaa tena. "Hilda," alisema, "chai imebaki?"