Nkirote na Mkataba wa Kaskazini

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2014. Asubuhi hiyo mvua iliyochanganyika na theluji ilipiga madirisha ya maghorofa ya St. James Town, mjini Toronto, na upepo wa ziwani ulivuma kwa ukali. Nkirote alirudi kutoka zamu ya usiku, akavua viatu vyake vilivyolowa, akamshukuru Mungu kwa kumfikisha salama. Mumewe, Kangethe, alikuwa akikoroga uji. Binti yao Jennifer, mwenye miaka tisa, alikuwa mezani.

Jennifer aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ikiwa mama atakuwa nyumbani siku ya Krismasi.

"Sijui, mwanangu," alisema Nkirote. "Watakaoamua ni wenye kazi."

Mtoto aliinamia bakuli lake.

Nkirote alikuwa nesi katika hospitali moja ya mjini. Wiki mbili kabla, wakala wa manesi alikuwa amempigia simu. Hospitali ndogo ya kaskazini, mahali panapofikiwa kwa ndege tu, ilihitaji nesi kwa wiki kumi na tatu. Malipo yalikuwa dola arobaini na nne kwa saa. Hapa Toronto alilipwa thelathini na tano. Hospitali yake ilikubali kumpa likizo bila malipo. Basi Jumapili iliyotangulia alisimama kanisani, akatoa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji alimwombea safari njema.

Lakini wakati huo mkataba wenyewe ulikuwa haujafika. Ulifika Ijumaa hii, na wakala alitaka jibu Jumatatu.

"Tia sahihi basi," alisema Kangethe. "Kanisa zima linajua unaenda."

"Acha kwanza Anti Nazira auone."

Anti Nazira aliishi ghorofa mbili chini yao. Alizaliwa Mwanza, katika familia ya Waismailia wenye duka la vitambaa. Alikuwa nesi miaka mingi, na kabla ya kustaafu alizunguka nchi nzima kwa kazi za mikataba. Nkirote alimstahi sana. Hakuwahi kumsikia akipandisha sauti, wala hakuwahi kusikia kwamba mtu alimpunja.

Anti alipanda mchana, akakaribishwa chai. Aliusoma mkataba wote kimya, kisha akavua miwani.

"Wakala amekuambia malipo ya saa," alisema. "Mimi nataka malipo ya wiki. Hapa wameandika saa ngapi?"

"Hadi saa thelathini na sita kwa wiki."

"Maana yake hazitazidi hapo. Je, zikipungua?"

Nkirote aliuvuta mkataba karibu, akautazama tena.

"Wagonjwa wakiwa wachache, utaambiwa usije kazini," alisema Anti. "Hutalipwa. Na nyumba ya huko utaendelea kuilipia, maana wanakukata dola mia tatu kila wiki. Umeona hapa? Na nauli ya ndege ni yako. Haya, Kangethe, wewe mtu wa kompyuta, tupigie hesabu."

Kangethe alitoa simu yake. Hata akipata saa zote thelathini na sita, angelipwa dola 1,584 kwa wiki. Toa nyumba, zinabaki 1,284. Nauli ya kwenda na kurudi, ikigawanywa kwa wiki zote, ilikuwa kama dola themanini. Zinabaki 1,204. Hiyo ni kabla ya kodi ya serikali.

"Na hapa Toronto, kwa saa hizo hizo?" aliuliza Anti.

Kangethe alibonyeza tena. "Dola 1,260." Aliweka simu mezani. "Yaani aende kwenye baridi ile, amwache mtoto, alipwe kidogo kuliko hapa?"

"Ndiyo. Lakini huu ni mkataba wa kwanza tu. Wanategemea nawe utaje bei yako. Nimempigia rafiki yangu Khatija, bado yuko kwenye mikataba. Upande ule wapo wanaolipwa dola hamsini kwa saa, na nyumba wanapewa bure."

Nkirote alizungusha kikombe chake. "Anti, mimi naona haya. Nimeshamshukuru Mungu mbele ya watu. Nikianza kubishana bei, si ni kama kusema hakunipa vya kutosha?"

Kangethe alicheka. "Huyu, Anti, alimbana muuza sofa wa Agincourt mpaka mzee wa watu akataka kulia."

"Sofa ni kitu kingine. Kazi ni ya Mungu."

"Na sofa alikupa nani?" aliuliza Anti.

Nkirote akacheka pia.

"Ulishukuru kwa kazi, mwanangu, na ulifanya vyema. Hata mimi nashukuru kila jioni. Lakini mkataba huu umeandikwa na wakala. Mwulize wakala. Anza juu kidogo. Ukishataja bei, nyamaza. Mwache yeye aseme. Jua jambo usiloweza kuliacha, na ujue utakachotoa ili ulipate. Na wakikubali, waandike. Neno la simu peke yake halikulindi."

Jumatatu Nkirote aliomba, kisha akapiga simu. Wakala aliitwa Otilia, mwanamke mchangamfu.

"Kazi naitaka," alisema Nkirote. "Nataka dola hamsini kwa saa."

Akanyamaza. Alitamani kuomba radhi, lakini akabana midomo.

"Hamsini siwezi," alisema Otilia mwishowe. "Arobaini na saba naweza."

"Nitakubali arobaini na saba mkinihakikishia saa thelathini na sita kila wiki, na nyinyi mkalipa nyumba na nauli. Na nahitaji siku za Krismasi nije nyumbani."

"Krismasi ni ngumu, dada. Kila mtu anaitaka."

"Basi sikukuu ya mwaka mpya nitafanya kazi, wenzangu wapumzike. Na nauli ya Krismasi nitajilipia."

Otilia aliomba muda. Alhamisi mkataba mpya ulifika. Nkirote na Anti waliusoma mstari kwa mstari. Nyumba ilikuwamo, nauli ilikuwamo, Krismasi ilikuwamo. Uhakika wa saa haukuwamo. Nkirote aliurudisha bila kugombana, na kesho yake ukaja umekamilika. Hapo ndipo alipotia sahihi. Sasa angepata dola 1,692 kwa wiki. Hata akitoa nauli ya Krismasi, safari ilikuwa na faida.

"Huyu hakuhitaji mwalimu," Anti alimwambia Kangethe. "Alihitaji ruhusa tu."

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, Anti Nazira alialikwa kanisani, akaketi mbele na familia. Mchungaji alimwita Nkirote aseme neno la kuaga. Nkirote alimshika Jennifer mkono, wakasimama pamoja mbele ya watu wote.

"Jennifer," alisema, "uliniuliza jambo nikakujibu kwamba sijui. Sasa najua. Nitaondoka kule tarehe ishirini na mbili Desemba, ili hata theluji ikichelewesha ndege, bado nifike. Mbele ya Mungu, mbele ya baba yako, mbele ya Anti na kanisa hili, naahidi: siku ya Krismasi nitakuwa nyumbani."